Mate, Kamasi na Kohozi: Majina ya Sampuli za Kupimia Virusi vya Njia ya Hewa

Makala haya yanakusudia kuyachunguza majina ya vitu ambavyo mtaalamu wa maabara huvitaka kwa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na virusi vya njia ya hewa, kama vile virusi vya homa ya mafua au vya UVIKO-19. Vitu vyenyewe ni vya kawaida mno na kila mtoto anavijua: mate, kamasi, kohozi. Kwa kuwa ni vya kawaida, wengi wetu tumedhani kwamba havihitaji kazi yoyote ya istilahi. Mimi naona vinaihitaji kuliko hata maneno makubwa ya sayansi. Istilahi ngumu ya maabara ikimtatiza msomi, atafungua kamusi. Lakini neno analoambiwa mgonjwa likikosewa, mgonjwa ataleta kitu kingine, na maabara itapima hicho kilicholetwa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeketi kwenye benchi la zahanati moja nikingoja zamu yangu. Mhudumu kijana alimkabidhi mzee mmoja kikopo chenye mfuniko, akamwambia kwa adabu, "Shikamoo babu. Tafadhali nenda pale nje uteme mate humu, kisha uniletee." Mzee akaitikia marahaba, akatoka, akarudi na kikopo chenye mate meupe ya povu. Kijana akakiinua kwenye mwanga, akatikisa kichwa. "Siyo haya babu, nataka yale ya kifuani." Mzee akajibu bila hasira: "Basi ungesema kohozi, mjukuu wangu. Mate ni mate."

Mzee alikuwa na Kiswahili fasaha kuliko aliyemwagiza. Wala kijana hakuwa mjinga. Bila shaka alilijua neno kohozi, ila aliona haya kulitamka mbele ya mtu wa makamo ya babu yake. Hapo ndipo ilipo shina la tatizo letu. Tafsida ni pambo la lugha yetu, na mahali pengi hutustiri. Lakini mbele ya kikopo cha maabara tafsida hubadilisha sampuli.

Pengine msomaji ataniona nakuza jambo dogo. Basi na atazame yaliyoonekana mjini Rawalpindi, Pakistan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007. Ugonjwa uliochunguzwa huko ulikuwa kifua kikuu, ambao huletwa na bakteria wala si virusi, lakini kikopo ni kilekile na kohozi ni lilelile. Watafiti waliwagawa washukiwa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kikopo kwa desturi ya siku zote. Kundi la pili lilielezwa kwanza, kwa maneno machache yaliyo wazi, tofauti ya mate na kohozi na namna ya kulitoa kohozi kutoka kifuani. Miongoni mwa wanawake ambao hawakuelezwa, asilimia 8 walionekana kuwa na vimelea; miongoni mwa walioelezwa, asilimia 13. Hapakuwa na dawa mpya wala darubini mpya. Yaliyoongezwa yalikuwa maneno. Kwa wanaume maelezo hayo hayakuleta tofauti kubwa, jambo linalotudokeza kwamba haya ya kukohoa na kutema mbele za watu iliwabana zaidi wanawake.

Sasa tuje kwenye virusi. Nitasema kirusi kwa umoja na virusi kwa wingi, ingawa wapo wanaochukizwa na umoja huo kwa kuwa wasikiapo Kirusi hufikiria lugha ya Moscow. Kirusi hakiwezi kuzaana nje ya chembe hai. Kwa hiyo hukutwa kwa wingi pale zilipo chembe kinazozipenda, na huadimika hatua chache kutoka hapo. Njia ya hewa ya binadamu ni ndefu: huanzia tundu za pua, hupita nyuma ya pua, hushuka kwenye koo na zoloto, huingia katika bomba la hewa, kisha hugawanyika matawi hadi kwenye vifuko vidogo vya mapafu. Kuuliza kama mtu ana virusi bila kutaja umechota wapi ni sawa na kuuliza kama mto una samaki bila kusema umetupa nyavu upande gani.

Wanasayansi walilitambua jambo hili tangu mwanzo. Kirusi cha homa ya mafua ya binadamu kilipopatikana kwa mara ya kwanza, mwaka 1933 mjini London, sampuli ilikuwa maji ambayo wagonjwa walikuwa wameyasukutua kooni. Smith, Andrewes na Laidlaw waliyatia maji hayo katika pua za fereti, wanyama wadogo wa Ulaya wenye umbo linalokaribia la nguchiro, na wanyama hao wakashikwa na mafua. Kwa sampuli ya namna hiyo lugha yetu haina haja ya kukopa chochote: kusukutua tunako, na maji ya kusukutua yanaeleweka kwa kila asikiaye.

Tofauti kati ya sampuli na sampuli ilionekana waziwazi mwaka 2020. Mwezi wa Machi mwaka huo madaktari wa China walichapisha matokeo ya sampuli 1,070 zilizotolewa kwa wagonjwa 205 waliothibitishwa kuwa na UVIKO-19. Watu hao walikuwa wagonjwa kweli. Swali lilikuwa sampuli ipi ingesema kweli hiyo. Maji yaliyosuuzia mapafu yalionyesha virusi mara 14 kati ya 15. Kohozi lilionyesha kiasi cha mara 7 katika kila 10. Sampuli za pua zilionyesha mara 5 kati ya 8. Zile za koo zilionyesha mara 126 tu kati ya 398, yaani chini ya theluthi. Katika damu virusi vilionekana mara 3 kati ya 307, na katika mkojo havikuonekana hata mara moja, ingawa ulipimwa mara 72.

Hesabu hizi yafaa zisomwe kwa hadhari. Sampuli 8 za pua ni chache mno kujengea hukumu, na mapafu hayasuuzwi ila kwa mgonjwa aliyezidiwa, ambaye virusi vyake vimekwisha kushuka chini. Hata hivyo, kwa mtu wa istilahi funzo ni kubwa. Tuseme fomu imeandikwa "sampuli ya njia ya hewa" na kuishia hapo. Daktari aipokeapo hajui kama jibu limetoka kwenye kitu kinachokosea mara moja katika 15, au kinachokosea mara mbili katika kila tatu. Jina la sampuli ni sehemu ya jibu.

Wakati nao una nguvu zake. Katika wagonjwa 9 waliofuatiliwa mjini Munich mwanzoni mwa mwaka 2020, virusi vilikuwa vingi sana kooni katika juma la kwanza la ugonjwa, kisha vikapungua. Lakini katika kohozi viliendelea kuonekana hata baada ya dalili kwisha. Kwa hiyo koo lililotoa jibu duni katika sampuli za China lilikuwa mahali pazuri pa kuchota huko Munich, kwa sababu siku zilikuwa tofauti. Homa ya mafua nayo hutafutwa siku tatu nne za mwanzo, na nyuma ya pua ndipo panapopendekezwa.

Neno lililowasumbua hata wenye lugha nyingine ni mate. Mwezi wa Februari 2020 waganga wa Hong Kong walitangaza kwamba wameviona virusi vipya katika mate ya wagonjwa 11 kati ya 12. Habari ilienea upesi, maana mate hutolewa na mgonjwa mwenyewe, bila kijiti na bila mhudumu kusimama karibu akipigwa chafya. Lakini ukisoma namna mate hayo yalivyopatikana, utaona kwamba wagonjwa waliambiwa wakohoe na kuyatoa kooni. Baadaye katika mwaka huohuo wataalamu wa Yale, Marekani, walilinganisha mate na sampuli za nyuma ya pua kwa wagonjwa 70 waliolazwa. Katika siku 5 za mwanzo baada ya ugonjwa kutambuliwa, mate yalionyesha virusi kwa asilimia 81 na nyuma ya pua kwa asilimia 71. Mate ya Yale yalikuwa ya kinywani, yaliyotemwa bila kukoholewa. Hivyo vitu viwili vilitembea duniani kwa jina moja, na wenye kufanya ulinganisho walilazimika kurudi nyuma kuuliza, "Mate gani?" Mapitio ya tafiti 16 yaliyotokea mwaka 2021 yaliona kwamba mate na sampuli za nyuma ya pua karibu hulingana kwa uwezo wa kugundua, asilimia 83 kwa 85 hivi.

Kiswahili hakina sababu ya kurithi mkanganyiko huo. Tunayo mate, yanayotoka katika tezi za kinywa na hutemwa bila kukohoa. Tunao udenda, ambao ni mate yajitiririkiayo yenyewe, kama ya mtoto mchanga au ya mtu aliyelala. Pale maabara inapotaka mgonjwa ainame na kuyaacha mate yatiririke kikoponi bila kuyatema, neno hili lingefaa kabisa, ila naogopa watu wazima watalikataa. Tunalo kohozi, linalopandishwa na kikohozi kutoka kifuani. Tuna belghamu, ambayo kwa wengine ni kohozi zito na kwa wengine ni ute wowote mzito wa koo au kifua. Kwa sababu ya utata huo singeishauri maabara kulitumia, ingawa ni neno zuri na la siku nyingi. Kamasi ni la puani. Kilichokosekana ni jina la kile walichokichukua Hong Kong, ambacho hakikutoka kifuani wala si mate ya kinywani. Napendekeza mate ya koo. Si jina la kupendeza, lakini mgonjwa atalielewa mara moja, na aandikaye ripoti hatayachanganya na mate matupu.

Tukipanda puani tunakuta shida ya aina nyingine. Hapa vitu tunavyo. Mahali ndipo pasipokuwa na jina. Mwenye kuchukua sampuli ya pua anaweza kuwa amepangusa tundu za pua kwa mbele, kina cha sentimita 1 hivi, jambo ambalo mgonjwa anaweza kujifanyia. Au anaweza kuwa amesukuma kijiti chembamba hadi mwisho wa pua, pale inapokutana na koo. Kijiti hicho huenda sambamba na kaakaa, wala hakielekezwi juu, na kina chake hukaribia umbali wa kutoka tundu la pua hadi tundu la sikio. Aliyewahi kupimwa hivyo hasahau. Yote mawili huandikwa "sampuli ya pua".

Wataalamu wa maumbile ya mwili huligawa koo kama nyumba ya ghorofa tatu: ya juu iko nyuma ya pua, ya kati nyuma ya kinywa, ya chini jirani na zoloto. Sisi katika maneno ya kila siku tunaijua ghorofa ya kati tu, ile ionekanayo mtu akipanua kinywa na kilimi kikining'inia. Ya juu haionekani, lakini kila mtu ameihisi: mtu akinywa maji akapaliwa, na maji yakamtokea puani, maji hayo yamepitia hapo. Nimewasikia wengine wakisema koromeo la pua kwa ghorofa ya juu na koromeo la kinywa kwa ya kati. Pendekezo hilo lina uzito, ila koromeo lenyewe halijatulia. Kwa wengine ni njia ya chakula na hewa nyuma ya kinywa, na kwa wengine ni kile kigumu kijitokezacho shingoni mwa mwanamume. Likisanifiwa kwa maana ya kwanza, nitalikubali katika vitabu. Kwa fomu na kwa mgonjwa ningependelea nyuma ya pua, kwa kulinganisha na mbele ya pua. Ni maneno mepesi yanayokinzana, na hakuna atakayeyachanganya.

Nageukia chombo. Huku kwetu kijiti kinachotumika kupangusia pua au koo huitwa na wengi kijiti cha pamba. Jina hili lina kosa la ajabu, kwa kuwa linataja vitu viwili, kijiti cha mti na pamba, na vyote viwili havitakiwi katika kupima virusi hivi kwa njia ya vinasaba. Mti na pamba vinaweza kuwa na vitu vinavyoharibu virusi au kuzuia kipimo kufanya kazi. Kinachotakiwa ni mpini wa plastiki, au wa waya mwembamba, wenye ncha ya nyuzi zilizotengenezwa kiwandani, kama vile poliesta au nailoni. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 kumekuwako aina ambayo nyuzi zake fupi za nailoni zimesimamishwa kuzunguka ncha kama manyoya ya zulia, ili zinyonye ute kwa wingi na kuuachia kwa urahisi. Mtengenezaji wake mashuhuri, kampuni ya Copan, yuko Brescia, kaskazini mwa Italia, na mwaka 2020 dunia ilipovihitaji vijiti hivyo kwa mamilioni, jimbo hilohilo lilikuwa miongoni mwa yaliyoshambuliwa vikali na ugonjwa.

Fikiria basi mganga wa kituo cha mbali ambaye ameishiwa na vifaa, na mwongozo wake wa Kiswahili unamwambia achukue kijiti cha pamba. Atatafuta kijiti na pamba, naye atakuwa ametii. Hapa istilahi imempoteza. Napendekeza kipangusio kiwe jina la chombo, kwa kufuata mwendo wa kifagio na kifungio, na mpanguso liwe jina la kile kilichopatikana kwa chombo hicho. Tutapata mpanguso wa nyuma ya pua, mpanguso wa mbele ya pua, na mpanguso wa koo. Faida yake ni kwamba chombo na sampuli vitakuwa na majina mawili kutoka mzizi mmoja, ambapo Kiingereza huvipa vyote viwili jina moja.

Kwa mwendo huohuo maji yanayoingizwa katika tawi la pafu na kuvutwa tena yaweze kuitwa msuuzo wa pafu. Sina mengi ya kusema juu yake, maana hushughulikiwa na mabingwa katika hospitali kubwa, na mgonjwa mwenyewe mara nyingi hana fahamu ya kuagizwa kitu.

Neno sampuli nalo lina mambo yake. Pwani mtu akisema "watu wa sampuli hii" anakusudia watu wa aina hii, kwa hiyo mwandishi angeweza kuandika "sampuli za sampuli mbalimbali" na asivunje sarufi yoyote. Nadhani neno limekwisha kuzoewa mno katika maana ya maabara kiasi kwamba hakuna haja ya kulibadili, na wale waliopendekeza kielelezo wamechelewa.

Linalobaki ni jibu lenyewe. Tumezoea kusema chanya na hasi. Mgonjwa asiyezoea mambo ya hospitali akiambiwa jibu ni chanya anaweza kufurahi, kwani mahali pengine neno hilo huashiria heri. Kubwa zaidi ni hasi, ambayo husikika kama "huna ugonjwa". Kwa haki yake hasi ina maana kwamba kirusi hakikuonekana katika sampuli hii, iliyochukuliwa mahali hapa, siku hii. Mpanguso wa koo uliochukuliwa siku ya kumi unaweza kuwa hasi, na kohozi la siku hiyohiyo likawa limejaa virusi. Mtu huyo akirudi nyumbani akalala chumba kimoja na mama yake mzee, gharama ya neno hasi italipwa na mwingine. Kwa jibu la namna hiyo wengine husema hasi ya uongo. Mimi naona hasi danganyifu ni bora, kwa kuwa hakuna aliyesema uongo, ila jibu limedanganya. Na fomu isiandike hasi peke yake. Iandike "hakikuonekana katika mpanguso wa nyuma ya pua", au "hakikuonekana katika mate", kwa kadiri ilivyokuwa.

Nirudi kwenye benchi la zahanati. Baada ya kukosolewa, kijana yule alimwonyesha mzee namna ya kufanya: avute pumzi ndefu mara mbili, azuie kidogo, kisha akohoe kwa nguvu kutoka kifuani na kulipokea kohozi kikoponi. Safari hii alilitamka neno. Mzee akatoka tena, tukamsikia akikohoa kule nje, na kikopo kilichorudi kijana alikifunika bila kusema kitu.

Mapendekezo ya kipangusio, mpanguso, mate ya koo na nyuma ya pua nayaweka mbele ya wasomaji ili yajadiliwe. Kwa ghorofa ile ya juu ya koo hasa, ningependa kusikia kutoka kwa watu wa Pemba, Lamu, Mrima na bara kama katika lahaja zao, au katika lugha zao za Kibantu, kuna neno moja linalotaja mahali maji yanapopita mtu anapopaliwa. Likipatikana, nitaliondoa pendekezo langu mara moja.